Mlango wa kumtoa Mbwana: shajara ya riwaya inayoandikwa Tanga

Januari, kaskazi imeshika

Rasimu ya kwanza imefika sura ya 14 na mhusika mkuu bado yuko Maweni, gereza la hapa Tanga. Ndiyo hali ya mradi kwa sasa, na ndiyo kazi ya miezi ijayo: kumtoa.

Kwa msomaji anayeingia leo, habari kwa ufupi. Mbwana ni karani wa ushirika wa wakulima wadogo wa mkonge, upande wa Korogwe. Amekula fedha za mauzo ya wenzake, akakamatwa, na Agosti 2017 akafungwa miaka saba. Miongoni mwa walioliwa ni dada yake wa tumbo moja, Mwanaidi, aliyepoteza shilingi 3,600,000. Kijiji sikukipa jina na ushirika ni wa kubuni. Gereza, reli, barabara na zao lenyewe ni hivi hivi tunavyovijua.

Watu wakiniuliza naandika nini, huwajibu kwamba ni habari ya matumaini na ya mtu kupewa nafasi ya pili. Wote hufurahi papo hapo. Furaha hiyo inanitia wasiwasi, kwa sababu dhamira inayompendeza mtu kabla hajasoma hata ukurasa haijafanya kazi yoyote bado. Nani hapendi matumaini? Hata mwizi anayapenda, tena yeye zaidi.

Januari, baadaye kidogo

Nimekaa na mzee mmoja, askari magereza mstaafu, barazani kwake Makorora. Nilimwambia, "Mzee, nataka kumtoa mtu Maweni." Akacheka mpaka kahawa ikamwagika. "Mwanangu, ukiacha rufaa, kutoka kuna milango mitatu. Sema wataka upi."

Nimeandika maelezo yake kwa urefu kwa sababu riwaya nzima imesimama hapo.

Mlango wa kwanza ni theluthi. Mfungwa mwenye mwenendo mzuri hupunguziwa theluthi moja ya kifungo, na hesabu hiyo huiweka kichwani tangu siku anayoingia. Kwa Mbwana, miaka saba inakuwa minne na miezi minane, yaani Aprili 2022. Hana wa kumwomba wala wa kumshukuru. Asigombane na mnyapara, asikutwe na kitu asichotakiwa kuwa nacho, na siku yake itafika. Mtu anaweza kuishi kwa tumaini la namna hiyo, lakini mwandishi hapati kitu, maana hakuna mwingine anayeamua lolote.

Mlango wa pili ni msamaha wa Rais, ule wa Ibara ya 45 ya Katiba, ambao masikio ya wafungwa huuvizia kila inapokaribia sikukuu ya Uhuru au ya Muungano. Mwandishi yeyote angeukimbilia. Tarehe 9 Desemba 2019 Rais Magufuli alitangaza msamaha kwa wafungwa 5,533 kwa mpigo, na tarehe hiyo inaangukia katikati kabisa ya kitabu changu. Ningeweza kumweka Mbwana kwenye orodha, nikamtoa langoni kwa vigelegele, sura ikaisha.

Nimekataa. Kisheria sina neno, nazungumzia riwaya. Msamaha wa aina hiyo hushuka kutoka juu, na mwizi anasamehewa na mtu ambaye hakumwibia. Mwanaidi angesikia redioni, jembe mkononi, kwamba mdogo wake kasamehewa. Kasamehewa na nani? Aliyepoteza 3,600,000 hakuulizwa. Nikimtoa Mbwana kwa mlango huo nitakuwa nimemziba dada yake mdomo, kisha nije nimwandikie sura ya kuishi naye nyumba moja. Haiwezekani.

Mlango wa tatu ni parole, kwa Sheria ya Bodi za Parole ya mwaka 1994. Mfungwa wa miaka minne au zaidi akishatumikia theluthi ya kifungo anaweza kufikiriwa, ingawa makosa kadhaa makubwa hayamo. Akikubaliwa humalizia kifungo nje, chini ya uangalizi, kwa masharti. Akiyavunja anarudishwa ndani. Theluthi ya miaka saba ni miaka miwili na miezi minne. Nilihesabu kwa vidole mbele ya mzee: Agosti 2017, Agosti 2018, Agosti 2019, Desemba 2019. Mwezi ule ule wa msamaha!

Kisha mzee akasema lililoniamulia kitabu. "Mtu wa parole sharti awe na pa kufikia. Hatolewi akatupwa barabarani."

Pa kufikia. Mbwana hana mke. Wazazi wamekwishatangulia. Nyumba ya urithi anaishi Mwanaidi. Kwa hiyo ni lazima ofisa atoke gerezani, apande basi, afike uani kwa mwanamke aliyeibiwa, amuulize kama yuko tayari kumpokea aliyemwibia. Naye ana haki ya kusema hapana. Bila hiyo hapana, sioni nafasi ya pili ina thamani gani katika hadithi yoyote.

Siku ya msamaha nimeibakiza, lakini kwa kuigeuza. Mbwana hayumo kwenye majina yanayosomwa. Wenzake wanafunga vifurushi, yeye anapewa ufagio. Mzee alinisaidia kwa mambo madogo: nguo ambazo mtu aliingia nazo huwekwa stoo na hutoka nazo zile zile, kwa hiyo siku ya msamaha ua hujaa wanaume waliovaa mashati ya miaka waliyokamatwa. Mmoja shati linampwaya, mwingine suruali haifungi. Hilo limeingia sura ya 8 jinsi lilivyo.

Januari, mwisho

Wiki nzima ni ya mkonge.

Zao hili lina hila kwa mwandishi: linajileta lenyewe kuwa ishara. Kila aliyesoma shule mkoani Tanga kasimuliwa kwamba mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika pwani yetu ikiwa hai ni 62 tu. Kutokana na hiyo 62 yakaja mashamba ya Pangani, Muheza, Korogwe na kwingineko, mpaka mwaka 1964 nchi ikavuna zaidi ya tani 230,000. Ukitaka hadithi ya matumaini yaliyofungwa vizuri kwa utepe, hiyo hapo, imeshaandikwa.

Kinachonikera ni kwamba hadithi hiyo huishia kwenye tani. Waliokata hizo tani walikuwa manamba, watu walioletwa kwa mikataba kutoka Kigoma, Songea, na hata ng'ambo ya mipaka, wakaishi kambini, wengine wakazikwa huko huko. Miche 62 ilikuwa tumaini la nani? Kwa hiyo sikuiacha kwa msimulizi. Nimempa mwalimu mstaafu aisimulie kijiweni kwa mbwembwe zake, na mzee mmoja ambaye baba yake alitoka Kigoma kama manamba anamjibu kwa sentensi moja tu. Sentensi yenyewe mtaisoma kitabuni.

Baada ya hapo zao likaanguka. Kamba za nailoni na plastiki zilishika soko la dunia, mashamba mengi yakataifishwa kufuatia Azimio la Arusha la 1967, bei na uendeshaji vikayumba, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 mavuno yalikuwa karibu tani 20,000. Hii nimeipitia kwa aya mbili. Riwaya haihitaji zaidi, na kijiweni hakuna asiyejua.

Nilichohitaji hasa ni saa ya mmea. Mkonge ukipandwa huchukua kama miaka mitatu kabla ya kukatwa mara ya kwanza. Mwanaidi kapanda masika ya 2017, kwa fedha ya mkopo, wakati habari za daftari la ushirika zinaanza kunong'onwa. Akipalilia vizuri atakata katikati ya 2020. Sikuipanga hivyo, kifungo na shamba vimekwenda sambamba vyenyewe kwa sababu sheria na mmea vina miaka inayokaribiana. Ndiyo raha ya kutumia vitu vya kweli.

Mtu mwingine aliyenisaidia alifanya kazi tangu ujana kwenye korona, yaani mtambo wa kusaga majani ya mkonge, sasa anaishi karibu na Muheza. Nilimsomea sura ya shambani. Alisikiliza kimya, kisha akaanza kunihoji mimi.

"Huyo Mwanaidi wako, jani kaliacha na mwiba?"

Ncha ya jani hukatwa kwanza, ndipo majani 30 yanafungwa mzigo mmoja. Utomvu huwasha mikono na shingo, mkataji mgeni hujikuna usiku kucha. Majani yakishakatwa hayangoji, lazima yafike korona upesi kabla hayajakauka. Korona husaga na maji huosha, hutoka singa mbichi, yaani nyuzi za mkonge, zinaanikwa juani, kisha zinakwenda kwenye brashi na kupangwa madaraja. Na katika uzito wote wa jani, singa ni kama asilimia 4 tu. Zilizobaki ni maji na makapi.

Asilimia 4 hiyo nimeikalia sana. Mwanaidi anaijua. Anajua kwamba akibeba kilo 100 za majani anabeba kilo 4 za fedha. Mtu aliyekulia kwenye hesabu za namna hiyo hawezi kuongea juu ya matumaini kwa sauti ya redio. Sauti yake katika kitabu imebadilika tangu nilipoelewa hilo, imekuwa fupi na kavu, na ina ucheshi ambao hapo awali haukuwepo.

Februari

Treni.

Desemba 2019, mwezi huo huo, treni ya abiria kati ya Dar es Salaam na Moshi ilirudi baada ya zaidi ya miaka 20 bila abiria kwenye njia hiyo. Inapita Korogwe. Na reli ya kaskazini ilianza kujengwa hapa Tanga mwaka 1893, mwaka ule ule wa miche ya Hindorf. Mnaona jinsi vitu vinavyojipanga? Treni inafufuka, mfungwa anatoka, mkonge unakaribia kukatwa. Sadfa ya namna hii ni kama mgeni anayekubaliana na kila unalosema. Baada ya nusu saa unatamani aondoke.

Nimebakiza nusu ukurasa. Watu wanatoka kuiangalia ikipita, watoto wanakimbia, Mwanaidi anasema itawaua mbuzi wake. Na kwa Mbwana haina msaada wowote, kwa sababu haifiki Tanga mjini. Yeye anapanda basi stendi ya Kange kama watu wote: Pongwe, Muheza, Hale, Segera, Korogwe. Kiti cha dirishani, shati la 2017, na kondakta anayemuuliza kama ana chenji.

(Nilitaka kuweka ule usemi wetu wa "waja leo waondoka leo" kwenye ubavu wa basi. Rafiki yangu wa Chumbageni akasema nikiuweka ataacha kunisomea rasimu. Nimeuondoa.)

Machi

Uamuzi mkubwa umefanyika. Kuanzia sura ya 6 anayesimulia ni Mwanaidi, kwa nafsi ya kwanza.

Rasimu ya mwanzo ilimfuata Mbwana kila mahali: seli, kazi za nje, majuto, ndoto za nyumbani. Ni njia iliyozoeleka, na ina sababu yake, kwa kuwa mtu aliyefungwa ana taharuki ya bure. Msomaji hujiuliza atatoka lini. Ila nilipozisoma sura zile mfululizo niliona kwamba mtu anayetumaini huwa hana la kufanya zaidi ya kutumaini. Mwenye kazi ni yule mwingine. Ndiye anayelala na swali, ndiye anayeulizwa na shangazi, na imamu, na balozi wa nyumba kumi, na kila mmoja ana ushauri. Nafasi ya pili iko mkononi mwake, naye hakuomba kupewa kazi ya kuitoa. Kama kitabu hiki kinahusu kitu, kinahusu hilo.

Nimetafuta jinsi ya kuonyesha shinikizo hilo bila hotuba, na nikalipata kwenye methali. Kila anayekuja uani anasema, "Kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa." Shangazi kaisema. Mwenyekiti kaisema. Kijana wa bodaboda, ambaye hajaombwa ushauri na mtu, kaisema akiwa hajazima pikipiki. Nilichogundua ni kwamba methali hii haisemwi na aliyeibiwa hata siku moja. Huambiwa aliyeibiwa, na wale ambao hawakupoteza kitu. Mwanaidi anaisikia mara ya tatu, kisha anamuuliza kijana wa bodaboda kama atamkopesha ile pikipiki mtu aliyeiba pikipiki. Kijana anaondoka.

Hapa nimeweka kipande cha sura ya 9, ofisa anapofika. Si cha mwisho, lakini sauti ndiyo hii:

*Afande alifungua jalada lake juu ya magoti. "Bi Mwanaidi, nimekuja kwa habari ya ndugu yako."*

*"Kafa?"*

*"Hapana, mama. Huenda akatoka. Twauliza kama ana pa kufikia."*

*Niliendelea kupeta mchele. Nilimwacha na jalada lake mpaka nikamaliza ungo mzima. Alikuwa kijana mwenye adabu, hakunihimiza.*

*"Na fedha zangu je," nikamuuliza, "zina pa kufikia?"*

*Akaandika kitu. Sijui aliandika nini. Sikumwona akikosea kalamu, kwa hiyo nadhani aliandika nilivyosema.*

*"Nijibu nini, mama?"*

*"Jibu kwamba nyumba ina vyumba viwili. Kimoja kinavuja."*

Wenzangu wa Jumamosi, wanaonisomea rasimu, wamegawanyika juu ya jibu hili. Wawili wanasema amekubali. Mmoja anasema amekataa, na kwamba ofisa ndiye aliyelisoma vibaya. Nimefurahi kuliko kawaida, sitaligusa.

Machi, mwisho

Swali ambalo msomaji mmoja ameniletea: je, Mbwana amebadilika? Anataka kuona ushahidi. Anataka tukio, labda Mbwana anaokota pochi na kuirudisha.

Hapana pochi. Msimulizi ni Mwanaidi, na Mwanaidi hawezi kuona ndani ya moyo wa mdogo wake, kama ambavyo hakuweza kuona mwaka 2016 alipokuwa anakula naye sahani moja. Anachoona ni mikono. Amefika saa ngapi shambani, amekata mizigo mingapi, ameacha mwiba au hakuacha. Ikiwa amebadilika, yeye atakuwa wa mwisho kujua. Anampa chumba kinachovuja bila kujua, na hapo pana ujasiri wake, kwa maoni yangu. Angekuwa na hakika, ingekuwa biashara tu.

Sheria yenyewe imeliweka vizuri kuliko waandishi wengi. Mtu wa parole bado ni mfungwa. Kifungo chake kinaendelea nje. Anaripoti, anaangaliwa, anaweza kurudishwa. Hakuna anayetangaza kwamba ametakasika. Nimeitumia hali hiyo kwa sura tatu za mwisho: kila anapochelewa kurudi kutoka mjini, Mwanaidi anasimama mlangoni, na hajui kama anamwogopea au anamwogopa.

Aprili, masika

Mvua imekatiza kazi. Umeme ulikatika mara kwa mara na karatasi zimeota ukungu kabatini. Nimeandika kidogo sana, nimesoma zaidi.

Jambo moja tu la kuweka hapa. Mchapishaji mmoja aliyeona sura za mwanzo amejibu. Amesifu lugha, kisha akauliza: funzo ni nini? Anataka liwe wazi, maana vitabu vinavyouzwa ni vinavyofika shuleni, na shuleni mwanafunzi huulizwa dhamira, maudhui na ujumbe. Namwelewa, naye ana familia. Nimemjibu kwamba mwanafunzi wa kidato cha nne ana uwezo wa kubishana kama Mwanaidi alikubali au alikataa, na kwamba mabishano hayo yatajaza ukurasa wa mtihani kuliko sentensi yoyote ambayo ningemtafunia. Hajajibu tena. Naendelea.

Mei, mwanzo

Mvua imepungua, nimekwenda tena Muheza kwa fundi wa korona, safari hii kuuliza juu ya kifo.

Mkonge hutoa ua mara moja tu maishani. Baada ya miaka kama saba hadi kumi na miwili unatoa mlingoti katikati, mrefu kuliko nyumba, unachanua, juu yake inaota miche midogo kwa mamia, kisha mama anakauka. Chini, kuzunguka shina, kunakuwa na maotea. Shamba linaendelea kwa hiyo miche na kwa hayo maotea, si kwa mmea uleule. Mwenye shamba anayepuuza kupanda upya huamka siku moja ana milingoti mitupu.

Nilihitaji hili kwa sababu ya daftari. Sura ya 13 Mwanaidi ananunua daftari la shule na kuandika deni. Makubaliano ni mafupi: Mbwana atamkatia mkonge na kulipwa kibarua kama mtu mwingine yeyote, na kila mwezi shilingi 30,000 hazimfikii mkononi. Deni ni 3,600,000. Miezi 120. Wanaanza Julai 2020, wanamaliza Juni 2030. Shamba la 2017 litakuwa limefikisha miaka 13 wakati huo. Kwa maneno mengine, mkonge huu wanaoukata hautakuwepo deni likiisha. Itabidi katikati ya njia wapande mwingine, pamoja, na mtu hapandi shamba la miaka na mwenzake anayemtarajia kukimbia.

Hilo halisemwi popote kitabuni. Liko kwenye tarehe. Mbwana ndiye anayeliona kwanza, kwa kuwa ni karani, na anauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Dada, maotea ya upande wa mtaroni tuyang'oe au tuyaache?" Dada anamwambia ayaache. Sura inaendelea na mambo mengine.

Mei, katikati

Rasimu ya pili imekamilika, sura 13, kwa kuwa mbili za mwanzo zimeungana. Nimezigawa kwa wasomaji wanne. Askari mstaafu amerudisha ya kwake ikiwa na alama sehemu moja tu, jina la ofisi nililolikosesha herufi. Fundi wa korona kasomewa na mjukuu wake, na ujumbe wake ni kwamba Mwanaidi afunge kitambaa shingoni anapobeba mzigo, utomvu utamla.

Mjadala mkali umetoka kwa shangazi yangu, Ngamiani, ambaye nilikwenda kwake kula mkate wa kumimina nikaishia kusomeshwa. Kavaa miwani, kafungua sura ya 13, kapitisha kidole kwenye hesabu.

"Mwanangu, hii hesabu umeiandika wewe au huyo mwanamke?"

"Mwanamke, shangazi."

"Basi si mwanamke. Riba sawa, ni haramu, kaacha. Nauli je?"

Sikuelewa. Akanirudisha sura ya 7, ambako Mwanaidi anakwenda Maweni kila mwezi kumwona Mbwana, ananyamaza naye dakika zote, anaondoka. Basi la kwenda, basi la kurudi, sabuni, sukari. "Huyu kaibiwa, kisha kalipa nauli kumwangalia mwizi. Daftari analo, kalamu anayo. Haandiki?"

Nimeketi na hilo usiku mzima. Shangazi ana haki, na si kwa sababu ya ubahili. Msomaji alikuwa anaziona zile safari kama upole, na upole huo ulikuwa unamlainisha Mwanaidi mapema mno. Zikiingia kwenye daftari zinakuwa kazi aliyoifanya, yenye gharama, na Mbwana analazimika kuisoma kwa maandishi: kila mwezi mtu alikuja, na kila mara ilimgharimu kiasi hiki.

Kwa hiyo nimeongeza. Shilingi 14,000 kwenda na kurudi, mara 28, ni 392,000. Kwa makato ya 30,000 ni miezi 13 zaidi na shilingi 2,000 zinazobaki. Deni sasa linaisha Agosti 2031. Mbwana analipitia daftari, anakuta nauli zimepangwa kwa tarehe, anauliza kuhusu sabuni na sukari, mbona hazimo. Mwanaidi anamwambia asimchoshe, korona haimngoji mtu.

Kazi iliyobaki: tarehe zote za sura ya 13 zisogezwe mbele, ule ukurasa wa daftari uandikwe upya kwa mwandiko wa mtu aliyeishia darasa la saba, na sura ya 7 ipitiwe ili zile safari zihesabike kweli 28. Shangazi kasema atazihesabu.